Kux Alisema Kahawa

"Shemeji, jana nilisema nini?"

Hivyo ndivyo Kux Tiul alivyonisalimia asubuhi ile, kasimama mlangoni kwangu kofia mkononi, hata hodi hakupiga. Nilikuwa nakanda unga wa mahindi, na hasira yangu ya jana yake ilikuwa bado ya moto, nikamwacha asimame.

"Ulisema mengi," nikamwambia. "Na mengine ungeshauriana nami kwanza."

"Nilisema kahawa. Au nilisema kakao? Lusia, wewe una kumbukumbu. Nilisema ipi?"

Sikuweza kumjibu, kwa sababu aliposema hayo mimi nilikuwa bado njiani. Nilipofika kwake wageni walikuwa tayari wameshika vibuyu, povu limewajaa midomoni, na Kux yuko katikati yao anatabasamu kama mtu aliyeletewa mvua. Nikapewa kibuyu changu, nami nikanywa. Ningefanyaje? Mbele ya wageni huwezi kumuuliza shemeji yako kama amepotewa na akili.

Sasa niseme huyu Kux ni nani, maana asiyemjua atadhani namsingizia. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na nyumba zetu hapa Sakiha zinatazamana, kijito kiko katikati. Kwenye miti hana mpinzani. Anaweza kupita chini ya mikakao akagonga tunda kwa ukucha, akakwambia hili bado, hili leo, hili ulichelewa. Lakini mtoe kwenye miti umlete kwa watu, anapotea. Mwaka fulani alikwenda Kahabon kwenye msiba wa binamu yake, akaingia nyumba isiyo yenyewe, akalia na wenyeji, akala, akasali, akarudi jioni kutwambia kwamba binamu yake kifo kimembadilisha sura sana. Wenye msiba walikuwa wamemshukuru kwa kuja.

Alioa vizuri, hilo tumpe. Mkewe Pet alikuwa ndiye kichwa chake. "Pet, leo ni siku gani?" Ndiyo sauti niliyoisikia ikivuka kijito kila asubuhi tangu nilipokuja kuolewa hapa. "Pet, huyu bata mzinga ni wetu au wa Lusia?" Naye Pet anamjibu bila kuinua uso kutoka kwenye jiwe la kusagia. Kakao ilikuwa ya Kux mpaka inapodondoka kikapuni. Kuanzia kikapuni ilikuwa ya Pet. Yeye ndiye aliyepasua, akazilaza punje kwenye maji usiku kucha, akazipeleka kijitoni alfajiri na kuzisugua kwenye kikapu mpaka ule ute wote unakwenda na maji na punje zinabaki safi kama meno ya mtoto. Baada ya hapo jua, siku baada ya siku. Wanawake wa hapa wote tunaosha, lakini ya Pet ndiyo waliyoitaka watu wakati wa maombi ya kupanda mahindi. Mlima na Bonde, wenye ardhi yetu, hawapewi kakao chafu.

Pet alifariki. Wavulana wao wawili walikuwa wameshaondoka, mmoja Peten na mke wake, mwingine kaskazini ambako simu yake inaita bila kupokewa. Akabaki Kantel, binti wa mwisho kuzaliwa, na ile sauti ya asubuhi ikabadilika jina tu. "Kantel, leo ni siku gani?" Msichana anajibu kwa sauti ileile ya mama yake. Nilikuwa nikisikia najiuliza moyoni siku huyu naye akiolewa itakuwaje.

Wageni wa jana yake walikuwa Lorenso Chub, mkewe Kristina, na mzee Tomas Kukul ambaye ndiye mshenga wa nusu ya ndoa za mlima huu. Walikuja kabla hakujapambazuka, nguo zimefuliwa, nywele zimechanwa na maji. Mtu mwingine yeyote angeona nywele zile tu akajua wamekuja kumposea kijana wao, Abelino. Lakini kwetu ujio wa kwanza hautaji jambo. Mnakaa, mnaulizana habari za mahindi na magoti, mnaondoka. Mwenye nyumba ambaye bado anafikiri, au hataki, huwapa kahawa. Mnakuja tena, na tena. Siku mtakayopewa kakao iliyooshwa, ndipo mmepewa binti.

Na Kux? Kux aliona Lorenso Chub, ambaye mwaka ule ndiye aliyebeba jukumu la maombi ya kupanda, akadhani amekuja kuomba kakao ya maombi.

Kudhani kwake kulikuwa na sababu. Kakao iliyooshwa ilikuwa haba mwaka ule. Chama cha wakulima kilikuwa kimetuletea masanduku ya mbao, tuvundike kakao humo chini ya majani ya migomba mpaka ipate joto na kunuka siki, ndivyo wanavyoitaka wanunuzi wa mbali. Kinywaji cha kakao ile sisi hatunywi, ni kikali na kimechacha, lakini kupeleka tunapeleka. Kila nyumba ilificha kidogo ya kuosha. Kux aliambiwa apeleke yote, akapeleka yote. Hata punje moja hakubakiza. Kwa hiyo alipomwona Lorenso kaketi pale anaongelea mvua, moyo wake ukajaa aibu ya mtu asiye na cha kutoa.

"Ndiyo maana nilikuwa natabasamu," akanieleza pale mlangoni. "Nilikuwa nasubiri waombe ili niwaambie sina. Halafu naona Kantel ananipa kibuyu cha kakao. Nikasema, basi ipo. Nikafurahi."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikaniisha, nikakaa chini na mikono yangu ya unga. Jana yake, wageni walipoondoka, nilimgombeza kwamba amemtoa binti siku ya kwanza, hata hajaringa kidogo, watu watasema tulikuwa tunatafuta wa kumchukua. Naye alikuwa ananikodolea macho akijibu, "Kumtoa nani?" Nikadhani ananifanyia dharau. Kumbe alikwenda kulala na swali lile, na alfajiri ndipo likamfungukia.

"Kux," nikamwambia, "umemwoza Kantel."

"Najua," akasema. "Nimejua sasa hivi nikivuka maji." Akakaa kwenye gogo, akaigeuzageuza kofia. "Nimemwoza mwanangu kwa bahati mbaya, kama mtu aliyekanyaga kuku."

Sikucheka. Alikuwa analia.

Kilichomchanganya zaidi ni hiyo kahawa. Aliapa kwamba alimwambia Kantel awape wageni kahawa. Kisha akasema labda alitaka kusema kahawa, mdomo ukasema kakao, kwa kuwa kakao ndiyo aliyokuwa anaiwaza. Kisha akasema labda hakusema chochote. Na kakao yenyewe ilitoka wapi? Labda Kristina ndiye aliyeileta kwenye shali yake. Labda ni ya Pet ya zamani, ilisahaulika darini. Nilimuuliza mbona hamuulizi Kantel.

"Nimuulize nini? Ana macho mekundu tangu jana. Nimwambie baba yako hajui alichosema, ndiyo maana unakwenda kuishi kwa kina Chub?"

"Macho mekundu ni moshi, Kux. Kuni zako mbichi."

"Si moshi," akasema. Akanitazama kama mtoto. "Twende kwa Tomas. Wewe unajua kuongea."

Tukaenda. Njia nzima alikuwa anajizoeza la kusema, na kila mara lilikuwa jingine. Tomas Kukul tulimkuta anafunga ua wake. Nilimweleza mimi, kwa sababu Kux alipofungua mdomo alianza na habari za masanduku ya chama. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho, akamgeukia Kux.

"Wewe jana ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza. Ilikuwa nzuri sana."

"Basi mimi nifanye nini, bwana? Niende kwa Lorenso nikamwambie alichokunywa kilikuwa kahawa?" Akarudi kwenye kamba zake. "Aliyelala usingizi ni wewe, si Lorenso. Kina Kaal mwaka jana walikuja kwako mara ngapi? Uliwapa kahawa mara zote tatu. Walirudi kwao wakisema Kux Tiul anajiona."

"Kina Kaal walikuja kuangalia miche," Kux akasema.

Tomas aliniangalia mimi, nami nikatazama kuku wake. Sisi wote wa Sakiha tulijua kina Kaal walikuja kuposa, na wote tulidhani Kux amekataa kwa makusudi. Mimi hata nilimsifu kwa watu kwamba shemeji yangu hakurupuki. Kumbe alikuwa anazungumza miche na watu waliovaa nguo za kanisani.

"Sikiliza," Tomas akasema, sasa kwa upole. "Kuna njia moja. Binti mwenyewe aseme hataki. Aseme mbele yao na mbele yenu, na nyumba yenu irudishe kakao waliyokunywa, iliyooshwa, kwa kipimo kilekile. Hapo Lorenso atanuna, lakini itapita."

Kux alitoka pale na mwendo mwingine. Nilimwona akihesabu vidole. Kurudisha kakao, kuosha, kukausha, yote hayo aliyasikia. Ile ya binti aseme hataki aliipita kama jiwe njiani, maana alikuwa na hakika nayo. Msichana gani angetaka kuondoka kwa namna ile?

Siku ya pili yake nikiwa kijitoni nafua, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Kux ndani ya maji mpaka magotini, suruali imekunjwa, kikapu cha Pet mikononi, anasugua punje za kakao kama anayekaba mtu shingo. Matunda aliyaomba kwa jirani. Punje zilikuwa zinamponyoka, zingine zinavuliwa maganda, zingine zinaelea kwenda zao Kahabon.

"Unaziua hizo," nikamwambia.

"Zina utelezi."

"Ndiyo maana zinalazwa usiku kucha kwenye maji. Ulizilaza?"

Akasimama, maji yanamtiririka viwikoni. "Nilimwona Pet akifanya miaka yote ile," akasema. "Nilikuwa nakaa palepale juu navuta sigara namwangalia. Lusia, nilikuwa namwangalia yeye. Kakao sikuiona."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nikaingia majini nikamwonyesha, mkono umelegea, kikapu kinazunguka, maji yafanye kazi. Alijitahidi. Lakini nyingi alikuwa ameziharibu, zilizobaki hazikujaa hata kiganja, na majirani walishasema hawana zaidi.

"Upo mti wa Pet," nikakumbuka. "Ule wa nyuma ya jiko. Chama hawautaki."

Mti ule Pet aliupanda mwaka wa kwanza wa ndoa, una matunda membamba yenye mikunjo kama uso wa bibi, na mtaalamu wa chama alikuwa amesema yasichanganywe na mengine. Kux alikuwa ameutoa akilini siku ileile, kwa kuwa aliambiwa hauhusiki. Tukapanda ukingo hadi nyuma ya jiko tukiwa tumelowa. Kantel hakuwepo, alikwenda kusagisha mahindi.

Mti haukuwa na tunda hata moja. Kux akapitisha mkono kwenye shina, polepole, akigusa kila kikonyo. Hapo tena alikuwa kwenye nchi yake.

"Yamekatwa kwa kisu," akasema. "Mtu anayejua. Hakuumiza jicho la mti linalotoa maua hata mahali pamoja." Akakitazama kidonda karibu. "Kimekauka. Si jana hii, si juzi."

Akainama, akavuta majani ya migomba yaliyorundikwa chini ya ukingo. Chini yake yalikuwa maganda ya kakao, mengi, yamepasuliwa katikati, yameshakuwa meusi na wadudu wamejenga ndani. Akaokota moja, akalibonyeza, akanusa. Nilimwona anapiga hesabu na kila alipofika alirudia mwanzo. Maganda ya siku nyingi. Usiku wa kulaza. Alfajiri ya kuosha. Jua. Kukaanga, kusaga. Kakao iliyooshwa haiwezi kutokea jikoni mgeni akiwa ameshakaa.

Nami nilikuwa napiga hesabu yangu, ya aibu. Wiki nzima kabla ya wageni, Kantel alikuwa kijitoni kila alfajiri na kila adhuhuri, nyuma ya yale mawe makubwa yanayopata jua. Nilikuwa namwita kutoka ng'ambo, namsifu. Nguo za watu wawili zinafuliwa kila siku, nikasema, msichana msafi namna hii hajapata kutokea. Mimi, ambaye najiita mwenye akili wa ukoo huu.

Kantel alitukuta tumekaa chini ya mti, ganda liko mapajani mwa baba yake. Akatua beseni la unga.

"Uliosha lini?" Kux akauliza.

"Kabla ya wageni, baba."

"Ulijua wanakuja."

"Abelino aliniambia. Tunaonana kinuni."

Niliona swali lake likija kutoka mbali, na nilijua ni lipi, na nilitamani asiliulize.

"Asubuhi ile," akasema, "mimi nilisema nini?"

Kantel akachuchumaa mbele yake. Macho yalikuwa mekundu kweli, na jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

"Ulisema kahawa, baba. Ulisema vizuri kabisa. Ulisema, Kantel, wape wageni kahawa."

"Basi sikukosea."

"Hukukosea."

Niliwahi kumwona mtu huyu akimzika mkewe, lakini sura ile sikuiona hata siku hiyo. Siku zote hizo alikuwa amebeba kosa lake huku na huko, kwa Tomas, kijitoni, akitafuta pa kulirudisha, na lilikuwa zito lakini lilikuwa lake. Sasa amenyang'anywa hata hilo.

"Ningependa ningekuwa nimekosea," akasema.

"Kina Kaal uliwapa kahawa," Kantel akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mara tatu. Mimi niko jikoni nasikia unawaeleza kivuli cha miche. Sikuwa nawataka sana wale, sikusema. Lakini huyu namtaka, baba. Nilijua utawapa kahawa, halafu kahawa, halafu kahawa, si kwa ubaya, halafu nitazeeka hapa nikikutajia siku."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Binti anamwambia baba yake nipe?"

Kux aliligeuza lile ganda, akaliweka chini taratibu kama lina kitu ndani. Mimi nilikuwa na maneno mengi, ya kumgombeza msichana na ya kumtetea. Hapa kwetu baba ndiye husema. Kantel alikuwa amesema kwa kibuyu, na kwa kibuyu alikuwa amemwaibisha baba yake na kumwokoa asikatae bila kujua. Mpaka leo sijui nimpime vipi.

"Nani atanitajia siku?" Kux akauliza. Hakuwa analaumu. Alikuwa anataka kujua.

Kantel akainua beseni la unga, akaingia jikoni.

Mshenga na kina Chub walirudi baada ya kupanda, maana desturi lazima itimie, na safari hii nilikuwepo tangu mwanzo, nimekaa kwenye kigoda cha Pet. Lorenso aliongelea mahindi. Kristina aliongelea magoti. Kux alikuwa amevaa shati jeupe, amechana nywele kwa maji. Maneno yalipoanza kupungua alikohoa, akageukia jikoni, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya kijito:

"Kantel. Lete kakao."

Ilikuwa ni ile aliyoiosha yeye mwenyewe, ya matunda yaliyochelewa kuiva shambani kwake. Alikuwa ameilaza usiku kucha, Kantel kasimama ukingoni anamwelekeza, mkono ulegee, baba, ulegee. Bado ilikuwa na ute uliomshinda, na ilikuwa na ukakasi. Tulikunywa wote. Tomas Kukul alimaliza chake, akafuta mdomo, akasema ni nzuri sana, na ni mzee ambaye hasemi uongo ovyo.

Kantel alihamia kwa kina Chub kabla mahindi hayajafika magotini. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikasimama mlangoni na ndoo, nikisubiri nisijue nasubiri nini. Moshi ulitoka kwa Kux, mwembamba, wa kuni mbichi. Nikamsikia anakohoa, anaburuta kigoda.

"Kantel," akaita, "leo ni siku gani?"

Maji ya kijito yakasikika. Nikaweka ndoo chini.

"Alhamisi, shemeji," nikapaza sauti.

Kigoda kikaburutwa tena upande wa pili.

"Nilijua," akasema.